Risiva ya GPS haitoi data? Tazama kwanza kinachotoka kwenye poti

Mpima ardhi mmoja kijana aliniletea risiva aliyoifungia kabatini miezi minne akiamini imekufa. Ndani yake kulikuwa na moduli ya u-blox ZED-F9P, na kwa mtu anayeanza kazi hiyo ni fedha nyingi kulala kabatini. Niliichomeka kwenye laptopu kwa kebo ya USB kwenda siriali, nikafungua poti kwa kasi ya 9600, kama alivyokuwa akifanya yeye. Kweli, skrini ikajaa alama zisizosomeka. Nikaweka 38400. Sentensi zikaanza kushuka mstari kwa mstari, kila mmoja ukianza na alama ya dola, na muda si muda nikaiona latitudo ya karakana yetu. Risiva haikuwahi kuwa mbovu. F9P hutoka kiwandani ikizungumza kwa baudi 38400 (yaani biti kwa sekunde), naye alizoea NEO-6M, ambayo huzungumza kwa 9600.

Ninawaandikia watu wa namna yake: wapima, wanafunzi, mafundi, manahodha wanaojifungia vyombo vyao wenyewe. Mifano mingi itakuwa ya u-blox kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye vibao vidogo vinavyouzwa, kuanzia NEO-6M hadi F9P, lakini dalili ni zilezile hata risiva ikiwa ya kampuni nyingine. Ninachosisitiza ni kimoja: usiguse mipangilio kabla hujasoma kinachotoka kwenye poti. Kimya ni ugonjwa mmoja, takataka ni mwingine, na sentensi tupu ni mwingine kabisa. Ukizichanganya utakesha ukitibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Vifaa vya kazi si vingi. Unahitaji kebo ya USB kwenda siriali, multimita, na programu ya kuonyesha kinachopita kwenye poti. Kwa u-blox kuna u-center, ambayo kampuni yenyewe huitoa bure. Kwa risiva nyingine PuTTY inatosha.

Skrini iko kimya kabisa

Usianze na risiva. Anza na kebo. Ichomoe kwenye risiva, kisha uunganishe pini yake ya TX (ya kutuma) na pini yake ya RX (ya kupokea) kwa kipande cha waya. Fungua poti, andika herufi yoyote. Herufi ikirudi kwenye skrini, kebo ni nzima, draiva imekaa, na namba ya poti ni sahihi. Isiporudi, huna haja ya kuilaumu risiva kwa sababu bado hujaifikia. Hakikisha tu programu yako haijawekwa kuonyesha yenyewe kila unachoandika, la sivyo jaribio hili litakudanganya.

Kwenye Windows, namba ya COM inaweza kubadilika ukihamishia kebo kwenye tundu jingine la USB, na watu wengi hukwama hapo. Kwenye Linux, kebo zenye chipu za CP2102, CH340 au FTDI huonekana kama /dev/ttyUSB0, lakini USB ya u-blox yenyewe huonekana kama /dev/ttyACM0. Ukiambiwa huna ruhusa, jiingize kwenye kundi la dialout, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia upya. Ukiambiwa poti inatumika, kuna programu nyingine imeishikilia: poti ya siriali kwa kawaida haishirikiwi. Mara nyingi ni gpsd, programu ya GPS ya Linux, inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, au ni dirisha la u-center ulilolisahau wazi. Kwenye Raspberry Pi, poti ya pini inaweza kuwa imeshikwa na konsoli ya mfumo, nayo huzimwa kupitia raspi-config.

Kebo ikipita mtihani, shika multimita. Pima kwanza umeme unaoingia kwenye risiva. Chipu nyingi za aina hii zinataka volti 3.3 hivi, ingawa vibao vingi vina kidhibiti kinachokubali 5. Kisha weka ncha nyeusi kwenye GND (pini ya sifuri ya umeme) na nyekundu kwenye TX ya risiva. Kipimo hiki kinasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Ukisoma karibu 3.3 na namba ikitikisika kidogo kila sekunde, risiva inazungumza kwa TTL, ishara za volti ndogo zisizoshuka chini ya sifuri, na kosa liko kwenye waya baada ya hapo. Ukisoma volti hasi, tuseme -5 au -9, una RS-232, mfumo wa zamani wa poti za kompyuta unaotumia volti hasi na chanya, na hiyo haiunganishwi na kebo ya TTL. Ukisoma sifuri isiyotikisika, ama hakuna umeme, ama umeshika pini isiyo yake.

TX ya huku huenda kwenye RX ya kule. Kila mtu anaambiwa hivyo na kila mtu hukosea angalau mara moja, kwa sababu baadhi ya vibao huandika jina la pini kwa upande wa risiva na vingine kwa upande wa kifaa kinachosikiliza. Usiamini maandishi, pima. Kwenye kiunganishi cha pini 9 upande wa kompyuta, pini 2 hupokea, pini 3 hutuma, na 5 ni GND. Kama hujui risiva imefungwaje, pima pini 2 na 3 zake dhidi ya 5: yenye volti hasi ndiyo inayotuma. Ikiwa ni 2, kebo ya moja kwa moja inafaa. Ikiwa ni 3, unahitaji kebo iliyovukishwa nyaya.

GND nayo lazima iunganishwe hata kama kila kifaa kina umeme wake. Nyaya mbili bila GND huweza kukupa kimya leo na takataka kesho.

Kuna kimya cha aina nyingine, cha poti iliyo nzima lakini haikuagizwa kusema kitu. F9P ina UART (poti za siriali) mbili, na ya pili hutoka kiwandani ikiwa imetengewa RTCM, yaani data za masahihisho kutoka kituo kingine. Haitoi sentensi za NMEA, ile mistari ya alama ya dola, mpaka uiambie. Mtu akilehemu nyaya zake kwenye UART2 kwa sababu tu tundu lake liko karibu, atapata kimya, na kila kipimo cha multimita kitamwambia mambo ni mazuri. Fungua u-center kwa USB uangalie poti ile imeruhusiwa kutoa itifaki gani.

Wanaotumia Arduino Uno wakumbuke kwamba pini 0 na 1 zinatumika pia kwa USB ya kibao chenyewe. Risiva ikichomekwa pale, kupakia programu kunaweza kugoma. Kwenye ESP32 wengi hutumia pini 16 na 17, lakini vibao vyenye moduli ya WROVER vimezichukua pini hizo kwa kumbukumbu ya ziada. Chagua nyingine.

Takataka

Sababu ya kwanza ni kasi, na ndiyo inayoongoza kwa mbali. NMEA 0183, lugha ya sentensi tunazozisoma, kasi yake ya asili ni 4800, na vyombo vingi vya baharini bado viko hapo. NEO-6M na M8 huanza na 9600, F9P 38400, na risiva iliyokwisha kupita mikononi mwa mtu mwingine inaweza kuwa 57600 au 115200. Zijaribu zote, na kwa kila moja subiri sekunde tatu, kwa kuwa risiva hutuma kwa mkupuo mmoja kila sekunde kisha ikanyamaza. Nimeona watu wakibadilisha kasi harakaharaka hadi wakaipita iliyo sahihi bila kuiona. Mipangilio mingine iache 8N1: biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama.

Kama hakuna kasi hata moja inayosomeka, fikiria volti. RS-232 imegeuzwa ukilinganisha na TTL: pale moja inapopanda nyingine hushuka. Kuna nyaya zinazopitisha ishara hiyo kwa bahati, nawe ukapata takataka zinazofanana sana na za kasi mbaya. Weka kigeuzi cha MAX3232, ambacho kinakubali volti 3.3. MAX232 ya zamani inataka 5. Lakini ukijua una RS-232, usiichomeke kabisa kwenye pini ya 3.3 hata kwa kujaribu tu. Volti zake zinaweza kufika 12 na zaidi kwa pande zote mbili, na pini ya moduli haikuumbwa kwa hilo.

Sababu ya tatu si takataka hata kidogo, bali ni lugha nyingine. Iambie programu yako ionyeshe baiti kwa hexadesimali. Ukiona B5 62 ikijirudia, hiyo ni UBX, itifaki ya u-blox yenyewe. Ukiona D3 mwanzoni mwa kila fungu, hiyo ni RTCM 3. Sentensi zinazosomeka zikiwa zimechanganyika na vipande visivyosomeka, maana yake poti imeruhusiwa kutoa itifaki mbili kwa pamoja. Kompyuta nyingi zitavumilia, lakini ramani ya kwenye chombo au programu ndogo ya simu inaweza kukataa. Zima ile usiyoihitaji kwenye poti ile tu, si kwenye risiva nzima.

Mabaharia wana sababu yao ya peke yao. Kwenye NMEA 0183 msemaji ni mmoja na wasikilizaji wanaweza kuwa wengi. Ukiunganisha GPS na dira ya elektroni kwenye waya mmoja wa kusikiliza, kila moja itasema juu ya sauti ya mwenzake. Hapo unahitaji kiunganishi maalumu cha kuzipanga zamu. Pia waya za A na B zikibadilishana, ishara inageuka. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, zigeuze ujaribu.

Sentensi zinakuja, ila hazina kitu

Dalili yake ni hii:

$GPRMC,,V,,,,,,,,,,N*53
$GPGGA,,,,,,0,00,99.99,,,,,,*48

Ukiona mistari hii, furahi. Nyaya ni nzima, kasi ni sahihi, poti inafanya kazi. Herufi V inasema data haziaminiki bado, na 0 kwenye GGA inasema risiva haijapata fiksi, yaani haijajua iko wapi. Tatizo limehamia angani, na hapa ndipo watu hufanya kosa kubwa la kuanza kubadilisha kasi za poti iliyokuwa nzima.

Toka nje. Bati juu ya kichwa huzima setilaiti karibu zote, na karakana zetu nyingi zimeezekwa bati. Chini ya anga wazi, NEO-6M iliyozimwa muda mrefu huhitaji nusu dakika hivi, kwa sababu setilaiti za GPS hurudia data zake za njia kila sekunde 30. Ishara ikiwa dhaifu, risiva hupoteza vipande vya data hizo na kuanza upya kuvisubiri, hivyo nusu dakika inaweza kuwa robo saa. Angalia sentensi za GSV, zinazotaja kila setilaiti na nguvu yake. Namba za 40 na kitu ni nzuri sana. Zote zikiwa chini ya 25, kagua antena. Antena yenye kikuza ishara inahitaji umeme unaopanda kupitia kebo yake, na kiunganishi kidogo cha antena kwenye vibao hivi huachia kwa urahisi: kibonyeze mpaka usikie kimeshika.

Saa ikitokea kabla ya mahali, usishtuke. Risiva hupata wakati kwa setilaiti moja. Saa ikiwa imepishana na UTC (saa rasmi ya dunia) kwa sekunde chache, subiri: wakati wa GPS umetangulia UTC kwa sekunde 18 tangu mwanzo wa 2017, na tangazo la tofauti hiyo hurudiwa kila dakika 12 na nusu. Tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20 ni jambo jingine. Namba ya wiki ya GPS hugeuka sifuri kila baada ya wiki 1024, na ilifanya hivyo usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Risiva ya zamani inayoonyesha mwaka usio wake inahitaji programu mpya ndani yake, kama mtengenezaji bado anaitoa.

Sentensi zimejaa, programu inasema hakuna GPS

Angalia herufi mbili baada ya alama ya dola. Risiva za zamani ziliandika $GPGGA kwa kuwa zilitumia GPS peke yake. Risiva inayochanganya GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou huandika $GNGGA. Programu iliyoandikwa kutafuta GP itasoma mistari elfu moja ya GN na kusema haioni kitu. Kwenye u-blox kuna mpangilio wa jina la msemaji ndani ya mipangilio ya NMEA: ulazimishe uwe GP, na programu itaamka. Kama ni wewe uliyeiandika programu, ondoa kosa kwenye programu. Isome GGA, usijali kilichotangulia.

Sababu nyingine ni urefu. Sentensi ya NMEA ina kikomo cha herufi 82 pamoja na alama ya dola na za kumalizia mstari. F9P ikiwekwa kutoa tarakimu nyingi kwa ajili ya usahihi wa sentimita, inaweza kupita kikomo hicho, na vifaa vya zamani huitupa sentensi nzima.

Halafu kuna mahali palipokosewa kwa mpangilio uleule kila mara. NMEA haiandiki digrii kwa desimali. Huandika digrii na dakika zikiwa zimeshikana. Mtu aliye Dar es Salaam atapata kitu kama 0648.0000,S na 03917.0000,E. Hiyo ni digrii 6 na dakika 48, siyo 6.48. Ukigawanya 48 kwa 60 unapata 0.8, kwa hiyo jibu ni 6.80 kusini na 39.28 mashariki. Ukiisoma kama 6.48 na 39.17, nukta yako inasogea kilomita 35 kaskazini na zaidi ya 12 magharibi, na inaangukia majini, kwenye mkondo kati ya Bagamoyo na Unguja. Mwanafunzi mmoja alinionyesha ramani yake ikiwa hivyo na akauliza antena gani anunue. Antena yake ilikuwa sawasawa.

Kama umehama mita 300 hivi badala ya kilomita, na unafananisha na ramani za zamani za Tanzania au Kenya, acha poti kabisa. Ramani zile ziko kwenye Arc 1960, risiva iko kwenye WGS84: ni mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali.

Na kishale cha panya kikianza kurukaruka chenyewe na kufungua madirisha mara tu unapochomeka GPS kwenye Windows, si virusi. Mfumo umeona data zinazomiminika kwenye poti na kudhani ni panya wa siriali wa zamani. Nenda kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), sehemu ya panya, utafute Microsoft Serial BallPoint, na uizime bila kuiondoa. Ukiiondoa itarudi.

Inaenda vizuri, kisha inakatika au inachelewa

Hapa ndipo inapobidi kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kwenye 8N1 kila baiti hubeba biti 10: moja ya kuanza, nane za data, moja ya kumaliza. Kasi ya 9600 kwa hiyo inabeba baiti 960 kwa sekunde, basi.

Sasa hesabu mzigo wa kila aina ya sentensi. GGA ni baiti 75 hivi, RMC 72, GLL 52, VTG 40. Hizo ni 239. GSA mbili ni kama 120. GSV saba, kwa risiva inayoona GPS na GLONASS chini ya anga wazi, ni kama 476. Jumla ni 835. Kwa mara moja kwa sekunde zinaingia, ingawa kwa shida. Sasa mtu anasoma kwamba risiva yake inaweza kutoa mahali mara 5 kwa sekunde, anaiweka 5, na poti anaiacha 9600. Mzigo unakuwa baiti 4175 kwa mfereji wa 960. Sentensi zinakatwa katikati, mahali panachelewa, gari limekwisha kukata kona lakini ramani bado inaenda moja kwa moja. Kwenye u-blox unaweza kuona sentensi ya TXT yenye maneno txbuf alloc. Risiva inakuambia waziwazi kwamba ghala lake la kutuma limejaa.

Angalia pia kwamba tatizo hili hujificha ndani ya nyumba. Setilaiti zikiwa chache, GSV ni chache na mzigo ni mdogo. Ukitoka uwanjani, setilaiti zinaongezeka na poti inafurika. Watu husema risiva inaharibika ikiona jua.

Tiba ziko mbili. Unaweza kupanda hadi 115200. Mimi huanza na ya pili, kupunguza maneno. Programu nyingi zinahitaji GGA na RMC tu. Hizo mbili ni baiti 147, na mara 5 kwa sekunde ni 735. Zinaingia kwenye 9600 ileile bila kugusa kasi. Kwenye NEO-6M, GLL huzimwa kwa mstari huu:

$PUBX,40,GLL,0,0,0,0*5C

Tarakimu mbili za mwisho ni hesabu ya uhakiki: XOR ya kila herufi iliyo kati ya alama ya dola na nyota. Ukibadilisha GLL kuwa GSV bila kuihesabu upya, risiva itaitupa amri bila kukutangazia. Mstari pia lazima umalizike kwa CR na LF, herufi za kumaliza mstari, zote mbili. Amri nyingi zinazosemekana hazifanyi kazi zimekosa moja ya hivyo, au waya wa kwenda RX ya risiva haukuwahi kufungwa kwa kuwa fundi alihitaji kusikiliza tu.

Ukibadilisha kasi, ujue mawasiliano yatakatika papo hapo. Risiva imehamia 115200 na wewe bado uko 9600. Hujaiua. Badilisha upande wako uifuate.

Upande wa anayesikiliza una lawama zake. Arduino Uno ina bafa, ghala dogo la kupokelea, ya baiti 64. Kwa 9600 inajaa ndani ya milisekunde 67. Kwa 115200, chini ya 6. Ukiandika delay(1000) ndani ya programu, umeifungia mlango risiva kwa sekunde nzima na utapata vipande vya sentensi tu. SoftwareSerial, poti inayoigizwa na programu, nayo ni ya kasi ndogo: 9600 inaiweza, 115200 usiitegemee.

Ukizima, inasahau

Mipangilio uliyoandika imekaa kwenye RAM. Kwa M8 na zilizotangulia, lazima utume amri ya kuhifadhi, CFG-CFG. Kuanzia F9, unapoandika kwa CFG-VALSET unachagua tabaka: RAM, kumbukumbu yenye betri, au flash. Flash hubaki daima. Ile ya betri hubaki ikiwa betri ina uhai, na kibetri kidogo cha vibao vya NEO-6M kilichokaa dukani mwaka mzima mara nyingi kimekwisha. Kwa vibao hivyo mimi sitegemei kumbukumbu kabisa. Naiacha risiva kwenye 9600 yake ya kiwandani, na programu yangu inatuma mipangilio upya kila inapowaka.

Umepoteza kasi na hujui ni ipi? Kama risiva ina USB yake yenyewe, ingia kwa huko. Kwenye USB ya u-blox kasi ya baudi haina maana, inafunguka kwa namba yoyote, na ukiwa ndani unaweza kuirekebisha UART.

Masahihisho ya RTK hayafiki

RTK ni upimaji wa sentimita unaotegemea masahihisho kutoka kituo cha msingi. Soma namba ya ubora kwenye GGA, sehemu ya sita baada ya jina la sentensi. 1 ni fiksi ya kawaida. 2 ni ya masahihisho ya kawaida. 5 ni RTK ambayo bado inaelea, na 4 ni RTK iliyotulia, yenye sentimita. Ikigoma kwenye 1, masahihisho hayaingii. Ikigoma kwenye 5, yanaingia, na kinachosumbua ni miti, umbali, au antena.

Kwa 1, fuata njia kutoka mwanzo. Kituo cha msingi kinatoa ujumbe wa 1005 au 1006, unaobeba mahali pake? Bila huo rova (risiva unayotembea nayo) haiwezi kufanya chochote, hata ikimiminiwa data nyingine zote. Kituo kilichowekwa kujipima chenyewe hakitoi 1005 mpaka kimalize kujipima, kwa hiyo usiharakishe. Ujumbe wa vipimo upo, 1074 au 1077 kwa GPS na wenzake? Kwa GLONASS ongeza 1230. Poti ya rova imeruhusiwa kupokea RTCM3? Na kasi ya poti ni sawa na ya redio? Redio nyingi ndogo za aina ya SiK huja na 57600, UART2 ya F9P huja na 38400, na hapo zote zinawaka taa za kijani huku hazielewani. Kama unatumia Ntrip (masahihisho kupitia intaneti) na huduma inayotengeneza kituo cha kufikirika karibu nawe, programu lazima irudishe GGA kwa seva, na kwa hiyo risiva lazima itoe GGA kwenye poti ileile.

Huko ndiko ilikoishia ya yule kijana. Baada ya sentensi kusomeka, ubora ulikwama kwenye 1, na redio yake ilikuwa 57600. Tukaipeleka UART2 huko, tukahifadhi kwenye flash, tukazima umeme na kuwasha tena ili kuthibitisha. Uwanjani ikakaa 5 kama dakika moja, kisha 4. Nilimkatia kipande cha karatasi nikakibandika chini ya kasha kwa gundi ya uwazi: UART1 38400, GGA na RMC. UART2 57600, RTCM ndani. Flash. Na kwenye redio nikabandika cha pili chenye 57600 tu.